Je, Wajua? Sauti ya Bluzi Ilitoka kwa Fundi Redio

Leo safu hii inamlenga kijana wa Mwankoko, Manispaa ya Singida, aliyejifunzia gitaa kwenye kwaya, akamsikia B.B. King kwenye simu, na sasa anajiuliza ile sauti nene inayolia noti moja moja inanunuliwa duka gani. Majibu yako hapa chini, vipande vifupi vifupi. Soma kabla hujapanda basi la Kariakoo.

WALIOANZA

Je, wajua kwamba mtu aliyeunda gitaa maarufu kuliko yote duniani hakujua kulipiga? Leo Fender alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California. Wanamuziki wakawa wanamletea amplifaya zilizokufa. Akazifungua, akaona zinafia wapi, kisha akaunda zake. Gitaa la Telecaster lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Stratocaster likafuata mwaka 1954. Kila alipotaka kujua kama kifaa kinafaa, aliwapa wapigaji wakajaribu, naye akakaa kusikiliza.

Je, wajua kwamba Elmore James, mfalme wa gitaa la kuteleza, naye alishika chuma cha kulehemu? Alifanya kazi kwenye duka la kutengeneza redio huko Canton, Mississippi. Aliyoyajua pale aliyahamishia kwenye amplifaya zake, akazichokonoa hadi zikatoa sauti ambayo hakuna duka lililokuwa linaiuza.

Muddy Waters hakuchukua gitaa la umeme kwa sababu ya fasheni. Alihamia Chicago mwaka 1943, akakuta kwenye vilabu watu wanakunywa, wanacheka na kugombana kwa sauti kubwa kuliko gitaa lake la kawaida. Mwaka uliofuata mjomba wake akampa gitaa la umeme. Bluzi ya umeme ilianza kama dawa ya kelele.

Je, wajua kwamba moja ya sauti za gitaa zilizosifiwa sana ilitokana na spika mbovu? Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilikwenda Memphis kurekodi "Rocket 88". Amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ikaharibika safarini. Studio ya Sam Phillips haikuwa na nyingine, wakaikaba spika kwa karatasi na kuendelea. Mkwaruzo uliotoka ukapendwa, na watu wakaanza kuutafuta kwa makusudi.

Hound Dog Taylor wa Chicago alipiga gitaa la bei ya chini la Kijapani kupitia amplifaya ya Silvertone, chapa iliyouzwa na duka la katalogi la Sears. Mwaka 1971 kampuni ya Alligator Records ilianzishwa ili kutoa albamu yake. Gitaa rahisi lilitosha kuzindua kampuni ya muziki ambayo ipo hadi leo.

Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma mwenye duka London. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wapigaji walimlalamikia kwamba amplifaya za Marekani ni ghali mno Uingereza. Akawaweka mafundi wake wakaifungua Fender Bassman na kuiiga, wakibadilisha vipuri kwa vile vilivyopatikana kwao. Ndugu wawili hao, Bassman na Marshall ya kwanza, ndio waliobeba sehemu kubwa ya bluzi ya umeme. Na Bassman yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi!

VIDOLE NA NYUZI

Je, wajua kwamba kinachobadilisha sauti bila senti moja ni mahali unapopigia? Sogeza mkono wa kulia kuelekea shingoni mwa gitaa, sauti inanenepa. Urudishe karibu na daraja, inakuwa nyembamba na kali. Wengi hununua pedali kutafuta unene walioukimbia kwa sentimita kumi.

Kuna noti za bluzi ambazo hazimo kwenye kinanda. Zinakaa katikati ya vitufe viwili, na mpiga gitaa huzifikia kwa kuusukuma uzi pembeni. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka sana Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima, *Africa and the Blues*, akizihusisha noti hizo na mifumo ya sauti ya Kiafrika. Majirani zetu Wagogo hujenga nyimbo zao juu ya sauti za asili za uzi, zile zinazojitokeza uzi unapogawanyika wenyewe. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini kidogo ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo. Aliyekua akisikia zeze na ilimba ana sikio ambalo mwanafunzi wa London analilipia ada.

Je, wajua kwamba unene wa uzi ni uamuzi wa vidole kwanza, sauti baadaye? Stevie Ray Vaughan alijulikana kwa uzi wa kwanza wa inchi 0.013, mnene kama waya, lakini alilegeza gitaa zima kwa nusu noti ili aweze kuusukuma. Billy Gibbons wa ZZ Top hutumia wa 0.007, mwembamba karibu nusu ya huo, na sauti yake ni nene vilevile. Anza na 0.010 au 0.009. Ukishindwa kusukuma uzi noti nzima bila kukunja uso, punguza.

Nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye gitaa la umeme la kawaida. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Inahisi chuma kikitikisika juu yake, na nailoni kwake ni hewa tupu. Wapigaji wa valiha wa Madagascar walilijua chuma mapema: kwa miaka mingi wamefumua waya za breki za baiskeli na kuzifunga kwenye ala zao za mianzi. Waya hizo zinalia, ila kwenye gitaa la umeme zitakula freti zako.

Je, wajua kwamba nyuzi zilizochoka huchemshwa? Maji ya moto huondoa mafuta na jasho lililojaa kwenye mikunjo, na mng'ao unarudi kwa muda mfupi. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Ni mbinu ya kuvukia wiki, haimalizi msimu.

Kioo cha kuteleza juu ya nyuzi hakina haja ya kuagizwa nje. Duane Allman alitumia chupa ndogo ya dawa ya mafua iliyoingia kidoleni. Shingo ya chupa ya soda ya kioo, iliyokatwa na kusuguliwa kingo zake vizuri, inafanya kazi hiyohiyo. Kioo hutoa sauti laini, bomba la chuma hutoa sauti kali zaidi. Kingo zisiposuguliwa, kidole ndicho kitakacholipa.

Ukishapata chupa, tyuni gitaa lako D-A-D-F#-A-D kuanzia uzi mnene. Ndiyo tyuni inayohusishwa sana na Elmore James. Piga nyuzi zote wazi, tayari una kodi kamili.

GITAA LENYEWE

Je, wajua tofauti kubwa kuliko zote kati ya magitaa mawili ya umeme dukani? Hesabu koili. Pikapu ya koili moja, kama za Fender, ina sauti angavu yenye kelele ya umeme nyuma yake. Pikapu ya koili mbili huua kelele hiyo: koili ya pili imezungushwa na kuwekewa sumaku kinyume, hivyo mvumo wa umeme unajifuta lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1955. Sauti yake ni nene na laini zaidi.

Kati ya hizo mbili ipo P-90 ya Gibson, iliyotoka mwaka 1946. Ni koili moja, lakini pana na yenye ukorofi. Magitaa mengi ya bei nafuu siku hizi huja na pikapu za umbo hilo. Ukikutana nalo, usilipite.

Je, wajua kwamba swichi ya Stratocaster ilikuwa na nafasi tatu tu kwa zaidi ya miaka ishirini? Wapigaji wakagundua kwamba ukiikwamisha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinasikika pamoja na kutoa sauti tamu yenye uwazi fulani. Wakawa wanaiegesha hapo kwa ujanja. Fender walikubali yaishe mwaka 1977, wakaweka swichi ya nafasi tano.

B.B. King aliyaita magitaa yake yote Lucille. Aliyapenda ya Gibson yenye mwili wenye uwazi ndani, jamii ya ES-335 iliyotoka mwaka 1958 ikiwa na gogo katikati. Tatizo la mwili wenye matundu ni kupiga mluzi ukisimama karibu na spika, naye alikuwa akiyaziba matundu kwa vitambaa. Gibson walipotoa toleo la Lucille mwaka 1980, matundu hayakuwepo kabisa.

Je, wajua kwamba kile kizungushio cha sauti kwenye gitaa ni kifaa cha mkwaruzo? Ongeza amplifaya hadi ianze kukoroma, kisha punguza kizungushio cha gitaa kidogo: mkoromo unasafika. Kwenye kuimbisha shairi unacheza chini. Zamu yako ya solo ikifika, unafungua hadi mwisho. Wazee wa Chicago walipiga usiku kucha hivyo, bila pedali hata moja.

Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake kinakausha kila kitu. Mbao za shingo zikisinyaa, ncha za freti hutokeza pembeni na kukata kiganja. Hifadhi gitaa kwenye kasha, na ndani yake weka kisahani cha sabuni kilichotobolewa chenye sponji yenye unyevu kidogo. Shingo ikipinda, ndani yake mna fimbo ya chuma inayorekebishwa kwa ufunguo wa alen, robo mzunguko kwa mara moja, si zaidi.

Kizungushio kikikwaruza ukikigusa, mara nyingi ni vumbi. Upepo wa Singida unaojulikana nchi nzima unaliingiza hadi ndani ya gitaa. Dawa ya kupulizia ya kusafishia viunganishi vya umeme, na kukizungusha mara kadhaa, humaliza kesi bila kununua kipya.

AMPLIFAYA NA SPIKA

Je, wajua kwamba mkwaruzo wa bluzi ni amplifaya kushindwa? Uzi unatoa wimbi la mviringo; amplifaya ikizidiwa, inakata vilele vya wimbi hilo. Ukataji huo huzaa sauti za ziada juu ya noti yako, na sikio linazihesabu kuwa unene na joto. Valvu za kioo hukata taratibu, ukipiga kwa nguvu zinakata zaidi, ukipiga kwa upole zinaacha. Ndiyo maana mpigaji anahisi kifaa kinamjibu.

Lakini je, wajua kwamba B.B. King mwenyewe, kwa miaka mingi, hakutumia valvu? Alipenda Lab Series L5, amplifaya ya transista iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Anayekwambia huwezi kupiga bluzi bila valvu, mwambie aende akabishane na Lucille.

Wati 50 hazina sauti kubwa mara kumi kuliko wati 5. Kwa sikio la binadamu ni kama mara mbili tu. Amplifaya ndogo ya wati 5 itaanza kukoroma kwa sauti ambayo majirani wa Mwankoko wanaweza kuvumilia; ya wati 50 itakuwa imeamsha kijiji kizima kabla haijatoa utamu wake.

Je, wajua kwa nini gitaa lenye mkwaruzo likichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa au kwenye sabufa ya nyumbani linasikika kama nyuki kwenye debe? Spika ya gitaa, hasa ya inchi 10 au 12, haifiki mbali juu: kufikia takriban hezi 5,000 inashuka haraka, na ule ukali mbaya unabaki ndani. Spika za muziki wa kawaida zina kispika cha juu kinachotoa kila kitu. Kama huna budi kutumia mikisa, tafuta pedali au programu ya simu inayoiga kabati la spika, au punguza sauti za juu hadi ukali uishe.

Spika mpya huwa ngumu, ikitumika inalainika. Kwa hiyo amplifaya ya mtumba yenye spika nzima si hasara. Ibonyeze katikati kwa vidole taratibu, pande zote sawa: ikikwaruza, koili yake imepinda.

Viwanda vinavyotengeneza valvu za gitaa vimebaki vichache duniani, vingi viko Urusi, Slovakia na China. Kabla ya kununua amplifaya ya valvu, uliza namba za valvu zake na nani atakuagizia zikifa. Barabara ya Singida hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 700, na valvu ni kioo.

UMEME

Je, wajua kwamba amplifaya iliyotoka Marekani inaweza kufa sekunde ya kwanza inapochomekwa Tanzania? Kule umeme ni volti 120, huku ni 230. Geuza amplifaya, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushushia umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa pale. Kusema plagi imeingia si ushahidi.

Mvumo wa umeme wetu uko karibu na noti ya G. Umeme wa Tanzania hubadilika mara 50 kwa sekunde, na G ya chini kabisa ya kinanda ni hezi 49. Kule Marekani ni 60, inaangukia kati ya B-flati na B. Ukiwa na pikapu za koili moja, zunguka taratibu na gitaa mkononi: kuna upande ambao mvumo unapungua. Simama hapo.

Je, wajua kwamba jukwaa limewahi kuua mpiga gitaa? Mwaka 1972, mjini Swansea, Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maikrofoni huku ameshika gitaa. Vifaa havikuwa na ethi sawasawa, akafa kwa umeme. Wapigaji wa kumbi na makanisani, sikieni hili: ukihisi midomo inatekenywa na maikrofoni, acha kupiga, zima vyote, mwite fundi umeme. Pini ya tatu ya plagi haikuwekwa kwa urembo, usiikate.

Amplifaya ya valvu hubaki na mamia ya volti ndani yake hata ikichomolewa. Zimekaa kwenye kapasita zikisubiri. Kuifungua ni kazi ya fundi anayejua kuzimwaga kwanza.

PEDALI

Je, wajua kwamba pedali maarufu kuliko zote za bluzi imejengwa juu ya kipuri cha kawaida kabisa? Tube Screamer ya Ibanez, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, inatumia kichipu cha 4558, aina iliyojaa kwenye vifaa vingi vya sauti vya bei nafuu. Huenda fundi redio wako anazo kwenye droo. Pedali hiyo hupunguza besi na kuinua sauti za kati, ndiyo maana solo inatoboa bila kufunika waimbaji.

Stevie Ray Vaughan aliitumia kinyume na wanavyofikiri wengi. Kizungushio cha mkwaruzo kilikuwa chini, cha sauti kikawa juu. Pedali ilikuwa inaisukuma amplifaya, na amplifaya ndiyo iliyokoroma. Ukiwa na amplifaya safi ya transista, ujanja huo unapungua nguvu. Hapo ongeza mkwaruzo wa pedali yenyewe, kidogo.

Je, wajua kwamba kebo ndefu ni kizungushio cha toni kilichofichika? Kila mita inapunguza mng'ao kidogo. Mita tano au sita zinatosha ukumbi wa kawaida. Kama sauti yako ni kali mno, kebo ndefu inaweza hata kukusaidia.

VITU VYA KWETU NDANI YA GITAA LAO

Je, wajua kwamba ndani ya sauti ya Chicago kulikuwa na Katanga ya Kongo? Sumaku za pikapu na za spika za zamani ni alniko: mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Kwenye aina iliyotumika sana, alniko 5, kobalti ni karibu robo nzima. Na kobalti ya dunia, kwa sehemu kubwa, ilitoka migodi ya Katanga, kwa wasema Kiswahili wenzetu. Vita vilipolipuka Kolwezi mwaka 1978, jimbo likiitwa Shaba, bei ya kobalti ilipaa. Watengenezaji wa spika wakaiacha alniko na kukimbilia sumaku za kauri. Leo mnunuzi wa Ulaya anayelipia zaidi spika yenye alniko analipia jiwe la Katanga.

Katanga hiyohiyo ilitoa bingwa wa gitaa. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, akipiga "Masanga" kwa kidole gumba na cha shahada. Sahani ilitoka kwa chapa ya Gallotone ya Afrika Kusini. Gallotone waliuza pia magitaa ya bei rahisi, na mmoja wa wateja wao alikuwa kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon. Ndilo gitaa alilolipiga Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney.

Je, wajua kwamba B.B. King alileta Lucille mlangoni petu? Septemba 1974, wiki chache kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, alipiga Kinshasa kwenye tamasha la siku tatu, pamoja na James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Kinshasa hiyohiyo baadaye iliipa dunia bendi ya Konono No. 1, waliotengeneza pikapu za likembe zao, ndugu za ilimba, kwa sumaku za vipuri vya magari.

Jamii ya mpingo wetu imewahi kusimamisha magitaa mipakani. Mpingo wa Tanzania na mbao za rosewood za shingo za magitaa ni ukoo mmoja, Dalbergia. Januari 2017 ukoo mzima uliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa. Novemba 2019 ala zilizokamilika zikasamehewa. Gibson nao walipekuliwa mwaka 2009 kwa abunusi ya Madagascar, na mwaka 2012 wakakubali kulipa dola 300,000 kumaliza shauri.

Je, wajua kwamba zamani mpigaji wa Tanzania hakuhitaji kuumiza kichwa achague gitaa gani? Aliajiriwa, akakabidhiwa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi, jeshi, JKT na umoja wa vijana nao walikuwa na bendi na vyombo vyao. Ukihama bendi, gitaa linabaki. Ndiyo maana wapigaji wa dansi walijifunza kutafuta sauti yao kwenye vidole.

Dansi na bluzi zinaweza kutumia vifaa vilevile, kazi ndizo tofauti. Kwenye dansi kuna gitaa la solo, la solo la pili, la rithimu na la besi. Kila moja lina nafasi yake, sauti ikiwa nene mno zitakanyagana. Bendi ya bluzi ya watu watatu ina gitaa moja tu, lijaze ukumbi peke yake. Ukipiga na bendi ya watu wengi hapo Singida mjini, punguza besi na mkwaruzo. Ukipiga na ngoma na besi tu, nenepa.

UKISHIKA HELA MKONONI

Je, wajua jaribio la dakika mbili la gitaa la mtumba? Piga kila uzi kwenye kila freti, sikiliza panapozizima. Linganisha noti ya freti ya 12 na uzi wazi kwa programu ya kutyuni; zisipolingana, daraja linahitaji kurekebishwa. Tazama shingo kutoka kichwani kuelekea mwilini kama unavyonyoosha ubao. Gongagonga pikapu kwa bisibisi ukiwa umechomeka: kila moja ijibu. Hayo yakipita, rangi iliyokwanguka ni punguzo la bei.

Mpangilio wa kutumia hela, kuanzia inapozaa zaidi: nyuzi mpya na marekebisho ya shingo na daraja, amplifaya ndogo yenye spika ya kweli ya gitaa, pedali moja ya mkwaruzo, pikapu mpya kwenye gitaa ulilonalo. Gitaa la bei kubwa liwe la mwisho. Wengi huanzia hapo mwisho, wakaishiwa, wakalichomeka kwenye sabufa.

Na fundi redio? Huyo hayumo kwenye orodha, maana unapaswa kumpata kabla hujanunua chochote. Kibanda chake huenda kiko karibu na nyumbani kwako, na kazi anayoifanya ndiyo ileile aliyoanza nayo Leo Fender mwaka 1938.